Lipi la kuvumilia, lipi la kukimbilia kliniki

Mjamzito akisema kichwa kinamuuma, anajibiwa ni mimba. Miguu ikivimba, ni mimba. Usingizi ukimpaa, ni mimba. Mara nyingi wanaojibu hivyo wako sahihi. Tatizo ni kwamba jibu hilohilo hupewa kichwa kilichochoka na kichwa kinachouma kwa sababu presha imepanda, na hicho cha pili hakisubiri kesho. Karibu kila usumbufu wa mimba na wa wiki za mwanzo baada ya kujifungua una chanzo kinachojulikana. Ukikijua, unajua namna ya kuupunguza, na unajua pia mahali ambapo uvumilivu unakoma.

Kliniki na vidonge

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonwe angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla wiki ya 12 haijapita. Wengi husubiri tumbo lionekane. Wanachokosa ni kipimo cha kulinganishia: presha iliyopimwa wiki ya 9 ndiyo itakayomwambia mkunga, wiki ya 32, kama 130/85 ni kawaida yako au umepanda. Tarehe ya kujifungua nayo hupatikana kwa uhakika zaidi kwa ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo kuliko ya miezi ya mwisho.

Asidi ya foliki ni mikrogramu 400 kila siku, na wakati bora wa kuanza ni kabla ya kushika mimba. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga mnamo siku ya 28 tangu mimba itungwe, wakati ambapo wanawake wengi ndiyo kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji dozi kubwa zaidi, na hiyo huandikwa na daktari.

Vidonge vya chuma vinastahili maelezo marefu, kwa sababu vingi huishia kwenye droo. Mwili wa mjamzito huongeza damu kwa karibu nusu ya ile ya kawaida. Maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu, hivyo damu huwa nyepesi. Hemoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 katika miezi ya katikati), huo ni upungufu wa damu. Kinachotakiwa kila siku ni miligramu 30 hadi 60 za chuma chenyewe, na hapa kibandiko huwachanganya watu: kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 hubeba miligramu 65 tu za chuma. Zinazobaki ni chumvi iliyokibeba.

Kidonge hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu na kikimezwa na kitu chenye vitamini C, kama maji ya machungwa. Chai na kahawa hukizuia, kwa hiyo ziache saa 1 kabla na saa 2 baada. Vidonge vya kalsiamu na dawa za kiungulia nazo zitenganishe na chuma kwa saa 2. Kikikuchefua, kimeze usiku unapoingia kulala. Bado kinakushinda? Kimeze na chakula kidogo. Utapoteza sehemu ya chuma, lakini kidonge kilicholiwa na chakula kina faida kuliko kilichoachwa. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni la kutarajiwa. Choo kikiwa kama lami, kinanata na kunuka vikali, mwone daktari. Kikiwa kigumu, mwambie mkunga akubadilishie aina au mpangilio wa dozi badala ya kuacha kimyakimya. Na vidonge hivi viwekwe mbali kabisa na watoto wadogo: vichache tu vinaweza kumuua mtoto wa miaka miwili, navyo kwa macho yake ni peremende.

Tumbo, kuanzia kichefuchefu

Kichefuchefu huanza mnamo wiki ya 6, hufika kilele karibu na ya 9, na kwa wengi hupoa kati ya wiki ya 16 na ya 20. Tumbo tupu hukizidisha. Weka biskuti kavu kando ya kitanda, ule mbili kabla hujainua kichwa, kisha ulale tuli dakika 15 hadi 20. Siku nzima kula kidogo kila saa 2 au 3. Kinywaji kikae mbali na chakula kwa nusu saa, maana tumbo lililojaa vyote viwili kwa pamoja hurudisha vyote viwili. Tangawizi husaidia, na vitamini B6 ya miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku pia, ukishauriana na mkunga. Ukitapika, sukutua kwa maji na ungoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu asidi imelainisha meno na mswaki utayakwangua.

Mpaka uko hapa: hujaweza kuzuia hata maji tumboni kwa saa 24, mkojo ni mchache na wa rangi nzito, au uzito umepungua kwa zaidi ya asilimia 5, yaani kilo 3 kwa mwanamke wa kilo 60. Hapo unahitaji dripu.

Kiungulia huja kwa sababu homoni za mimba hulegeza valvu iliyo juu ya tumbo la chakula, na mji wa mimba husukuma kutoka chini. Kosa la kawaida ni kurundika mito mitatu kichwani. Mito hiyo hukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo zaidi. Kinachofaa ni kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa vipande vya mbao, sentimita 15 hivi, na kutolala ndani ya saa 2 au 3 baada ya kula.

Choo kigumu kinahitaji maji, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa. Kwenye choo cha kukaa weka kigoda cha kama sentimita 20 chini ya miguu ili magoti yapite nyonga. Kusukuma kwa nguvu ndiko kunakoleta bawasiri.

Kulala, miguu, mgongo

Kuanzia wiki ya 28 lala ubavu. Ukilala chali, mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na damu inayofika kwa mtoto hupungua. Kushoto au kulia, yote ni sawa. Ukiamka ukajikuta chali usiingiwe na hofu, jigeuze tu uendelee kulala. Mto mmoja uwe mrefu kiasi cha kukaa kati ya magoti hadi vifundo vya miguu, maana ukiishia magotini mguu wa juu huning'inia na kuvuta nyonga. Mwingine mdogo uegemeze tumbo. Unapogeuka, bana magoti pamoja ugeuke kama gogo. Unapoamka, geukia ubavu kwanza, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono.

Misuli ya kigimbi ikikaza usiku, nyoosha goti na uvute vidole vya mguu vielekee kwako. Ukivinyoosha mbele, kama wengi wanavyofanya kwa maumivu, utaikaza zaidi. Lakini mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa wa moto na kigimbi kinauma hata baada ya kunyoosha, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiusugue. Hatari hii huendelea hadi wiki ya 6 baada ya kujifungua.

Kwa mgongo, dawa nzuri ni kutembea na mazoezi mepesi, jumla ya dakika 150 kwa wiki, kiasi ambacho bado unaweza kuongea unapoyafanya. Paracetamol inaruhusiwa pale unapoihitaji. Ibuprofen na diclofenac ziepuke, hasa baada ya wiki ya 20, kwa sababu huathiri figo za mtoto na hupunguza maji yanayomzunguka.

Presha

Miguu inayovimba jioni na kunywea asubuhi ni ya kawaida. Uso uliovimba unapoamka, au pete iliyogoma kutoka wakati wiki iliyopita ilikuwa inateleza, ni sababu ya kupima presha leo. Vivyo hivyo kichwa kisichosikia paracetamol, kuona vimulimuli au ukungu, na maumivu makali chini ya mbavu za kulia. Hizi ni dalili zinazotangulia kifafa cha mimba. Huanza kwa kawaida baada ya wiki ya 20, na jambo linalosahaulika ni kwamba zinaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye presha yake ilikuwa nzuri mimba nzima.

Presha ya 140/90 ni ya kuripoti siku hiyo. Ya 160/110 ni dharura.

Kama una mashine nyumbani, namna ya kupima ina uzito kama kipimo chenyewe. Kojoa kwanza. Kaa dakika 5 mgongo ukiwa umeegemea, nyayo sakafuni, miguu haijapishana. Mkono uegemee meza usawa wa moyo, mkanda uwe kwenye ngozi na si juu ya nguo, na usiongee. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Pima mara mbili, dakika moja kati yake, uandike zote pamoja na saa.

Waliowahi kupata tatizo hili, wenye presha ya siku zote, kisukari au ugonjwa wa figo, na wenye mapacha, waulize mapema kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Hufaa zaidi ikianzwa kati ya wiki ya 12 na ya 16, na haianzwi bila daktari.

Mtoto anavyocheza

Utaanza kumsikia kati ya wiki ya 16 na ya 24. Ikifika 24 bila chochote, nenda upimwe. Kuanzia wiki ya 28 jua mwenendo wake: saa anazochangamka, namna anavyosukuma. Ukiwa na shaka, lala ubavu, weka mikono tumboni, usishike simu, uhesabu. Mitikisiko 10 ndani ya saa 2 inaridhisha. Pungufu ya hapo, au mwenendo umebadilika kwa namna inayokutia wasiwasi, nenda saa hiyo. Usingoje asubuhi.

Kuna maneno yanayorudiwa sana kwamba mwishoni mtoto hutulia kwa kuwa nafasi imekwisha au anajipanga kutoka. Si kweli. Aina ya miondoko hubadilika, ikawa zaidi kujinyoosha na kujizungusha, lakini mtoto mwenye afya hucheza hadi uchungu unapoanza. Kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo nyumbani hakitoshi pia: mapigo yanaweza kusikika wakati mtoto tayari yuko taabani.

Viganja na nyayo zikiwasha sana bila vipele, hasa usiku, omba kipimo cha damu cha ini. Damu yoyote ukeni, nenda. Chupa ikipasuka, angalia rangi: maji meupe au ya njano hafifu, nenda bila kuchelewa sana, ya kijani au kahawia, mtoto amejisaidia ndani, nenda mara moja. Mimba iliyokomaa bila matatizo, uchungu wa kila dakika 5, unaodumu dakika 1, kwa saa nzima, ndio wakati wa kutoka nyumbani. Kama unakaa mbali au umewahi kuzaa, ondoka mapema zaidi.

Baada ya kujifungua

Damu huwa nyekundu siku chache, kisha hupauka kuwa ya kahawia, mwishowe ute wa njano au mweupe, na inaweza kuendelea hadi wiki 6. Huongezeka kidogo unaponyonyesha, pamoja na tumbo kukata, kwa sababu homoni inayotoa maziwa ndiyo inayobana mji wa mimba. Waliowahi kuzaa huyasikia maumivu haya zaidi. Kojoa kila saa 3 au 4 hata kama husikii haja: kibofu kilichojaa huuzuia mji wa mimba kujibana, na usipojibana, unavuja. Pedi iliyolowa kabisa ndani ya saa 1, mabonge makubwa kuliko yai, harufu mbaya, au homa ya 38 na kupanda: hospitali.

Mwenye mishono ya chini ajimwagie maji ya uvuguvugu anapokojoa, ajikaushe kwa kugusagusa kutoka mbele kwenda nyuma, na aweke barafu iliyofungwa kitambaa kwa dakika 10 hadi 15. Choo cha kwanza hutisha. Shikiza pedi safi juu ya mishono, inua miguu kwenye kigoda, na upumue nje badala ya kusukuma. Aliyepasuliwa abane mto mdogo juu ya kidonda anapokohoa, na kwa wiki 6 asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake.

Titi

Kunyonyesha huanza ndani ya saa ya kwanza, na maziwa ya mwanzo, mazito ya njano, ni machache kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo. Sekunde 20 au 30 za mwanzo chuchu inaweza kuvutika kwa nguvu. Baada ya hapo maumivu yakiendelea, mtoto hajashika vizuri, na ukijikaza tu ungoje amalize utapata vidonda.

Tumbo la mtoto liguse lako. Sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja, maana mtoto aliyepinda shingo hamezi vizuri. Mshike mabegani na shingoni. Usimsukume kisogo, atajirudisha nyuma. Sasa pua yake, si mdomo, iwe mkabala na chuchu. Hapo ndipo ilipo siri: ili aifikie chuchu itabidi ainue uso, na akiinua uso mdomo hufunguka mpana. Gusisha chuchu mdomo wake wa juu, ngoja mpaka apanue kama anayepiga miayo, kisha umlete yeye kwenye titi upesi, kidevu kikitangulia. Ukimwinamia wewe, mgongo utakudai jioni.

Akishika vizuri, kidevu huzama kwenye titi, mdomo wa chini hupinduka nje, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu huonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Mashavu yamejaa. Ananyonya harakaharaka kwanza, halafu polepole na kwa kina, unasikia anameza. Akiachia, tazama chuchu: ikiwa ya mviringo, sawa. Ikiwa bapa au imechongoka upande mmoja, ilikuwa inasagwa kwenye kaakaa. Mara nyingine mtoe mapema kwa kupenyeza kidole kidogo kwenye pembe ya mdomo, uanze upya. Kuanza upya mara nne si kushindwa.

Maziwa yanatosha? Angalia nepi. Mkojo mmoja siku ya kwanza, miwili ya pili, kisha 6 au zaidi kila siku kuanzia siku ya 5, na choo kilichobadilika kutoka cheusi hadi cha njano. Ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Kupungua uzito hadi asilimia 10 siku za mwanzo hutokea, na uzito wa kuzaliwa urudi kufikia wiki 2. Titi kuwa laini si ushahidi kwamba maziwa yamekwisha, wala mtoto kulia jioni. Kila chupa ya maziwa ya kopo isiyofidiwa kwa kukamua huliambia titi litengeneze kidogo zaidi.

Siku ya 2 hadi ya 5 matiti hujaa yakawa magumu hata mtoto akashindwa kushika. Bonyeza ncha za vidole kuzunguka shina la chuchu, ukielekeza kifuani, kwa dakika moja. Uvimbe utarudi nyuma na sehemu ile italainika. Baada ya kunyonyesha, weka kitambaa cha baridi. Ukiona eneo jekundu lenye maumivu na unasikia homa, endelea kunyonyesha upande huohuo, maana maziwa hayamdhuru mtoto. Ushauri wa zamani wa kukanda kwa nguvu na kukamua mpaka tone la mwisho umeachwa: kukanda huumiza titi lililokwisha kuvimba, na kukamua kupita kiasi huongeza maziwa. Baridi, paracetamol au ibuprofen (ambayo sasa unaruhusiwa), na mapumziko. Saa 24 zikipita bila nafuu, unahitaji antibayotiki.

Moyo mzito

Siku ya 3 hadi ya 5 mzazi anaweza kulia bila kujua kisa, acheke, alie tena. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Ikivuka wiki 2, au ikiwa haimpi hata saa moja ya nafuu, ni sonona, na sonona ina matibabu yanayoendana na kunyonyesha. Kliniki nyingi hutumia kipimo cha Edinburgh cha mwaka 1987, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Nyumbani kuna swali moja linalofichua mengi: mtoto akilala, na wewe ukipata nafasi, unapata usingizi? Uchovu wa kawaida hujibu ndiyo. Anayelala macho wazi huku nyumba imetulia anahitaji kuonwa wiki hii.

Mzazi ambaye halali kabisa, anaongea bila kukoma, anasikia sauti, au anaamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake wala na mtoto hata kwa dakika chache. Anayempeleka aingie naye ndani na aseme mwenyewe alichokiona na tangu lini, kwa sababu mbele ya daktari mgonjwa anaweza kutulia kwa dakika kumi na kujibu kwamba hajambo.